Msimu Mpya, Pointi Sifuri: Kwa Nini Wachezaji Hudai Gemu ya Zamani Ianze Upya

Upper Hill ni mtaa wa Nairobi uliozika historia yake bila kusita. Wakati wa ukoloni kilima hiki kilikuwa makazi ya maofisa wa reli na wa serikali: nyumba za chini zilizotawanyika, nyua pana, miti mirefu. Baadaye benki, kampuni za bima na mashirika ya kimataifa yalianza kuhama katikati ya jiji na kupanda kilima, na nyumba zile zikaangushwa moja baada ya nyingine. Mwaka 2015 jengo la UAP Old Mutual lilikamilika likiwa na orofa 33; miaka miwili baadaye mnara wa Britam ukasimama kwa urefu wa takriban mita 200. Anayetaka leo kuiona Upper Hill ya zamani atatafuta picha. Nyumba ikishabomolewa imekwenda, na hata aliye na ramani akiijenga tena atakuwa amejenga nyumba nyingine. Ipo hata hivyo aina moja ya ujenzi isiyofuata kanuni hii, nayo ni ulimwengu wa gemu ya mtandaoni. Msimbo wake ukiwa umehifadhiwa, ulimwengu uliofutwa miaka kumi iliyopita unaweza kusimama tena kesho asubuhi, mlima kwa mlima na mto kwa mto, na watu wakaingia kuishi humo. Ndiyo maana swali ambalo mjenzi wa Upper Hill hana haja ya kujiuliza, mwenye kampuni ya gemu hulazimika kulijibu: je, watu wanataka kweli kurudi?

Jibu la makala haya ni kwamba wanataka, na ushahidi upo wa kutosha. Ila kinachotakiwa hakifahamiki vizuri. Wengi hudhani mchezaji anayedai gemu ya zamani ifunguliwe upya analilia ujana wake. Ukiyafuata matukio ya miaka zaidi ya ishirini utaona anadai kitu kilicho wazi zaidi: mstari wa kuanzia. Anataka siku moja inayojulikana, mahali pamoja, kila mtu akiwa mikono mitupu. Hoja hii inatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kuliko tunavyofikiri, kwa sababu mbio hizi zilipoanza mara ya kwanza, wengi wetu hatukuwa na njia ya kufika uwanjani.

Ulimwengu usiolala

Kwa msomaji asiyezijua gemu hizi, ni vyema kueleza zinavyofanya kazi. Maelfu ya watu huingia kwa wakati mmoja katika ulimwengu mmoja unaohifadhiwa kwenye kompyuta kubwa ya kampuni, yaani seva. Kila mmoja hutengeneza mhusika wake, tuseme shujaa mwenye upanga au mganga, na kumkuza kidogo kidogo: anaua nguruwe mwitu, anachuma mitishamba, anapanda levo, anapata silaha bora. Mambo makubwa hayawezekani peke yako, kwa hiyo watu huungana katika vyama vyenye viongozi, kanuni na ratiba. Ulimwengu huo hauzimwi unapolala. Ukirudi kesho utakuta wengine wamesonga mbele, bei za sokoni zimebadilika na chama kingine kimemwangusha adui mliyepanga kupambana naye. World of Warcraft, gemu ya kampuni ya Blizzard ya Marekani iliyotoka Novemba 2004, ndiyo iliyofanya mtindo huu ujulikane dunia nzima. Kufikia mwaka 2010 ilikuwa na watu milioni 12 wanaolipa ada.

Uzuri huo wa ulimwengu usiolala ndio pia ugonjwa wake. Kwa kuwa mali haifutwi, aliyetangulia huzidi kutangulia. Seva ikifikisha miaka mitatu, wenyeji wake wana dhahabu isiyohesabika, na nyanda ambazo wageni wangekutana zimebaki bila watu, maana kila mtu yuko kileleni. Kampuni nazo hujaribu kuwafurahisha wenyeji kwa kuongeza sehemu mpya kila baada ya miaka miwili hivi, na kila nyongeza huifanya kazi ya jana kuwa bure. World of Warcraft ilipata nyongeza Januari 2007 na nyingine Novemba 2008. Ile ya tatu, ya Desemba 2010, ilikwenda mbali zaidi: hadithi yake ilikuwa ya joka linalopasua dunia, na nchi za mwanzo zikabadilishwa kwa kila mtu, hata kwa aliyetaka kuziacha kama zilivyokuwa. Mahali ambapo mamilioni walijifunza kutembea palifanywa kama zile nyumba za kilimani.

Ushahidi wa kwamba wanataka

Mwaka 2013, J. Allen Brack, mmoja wa wakuu wa gemu hiyo, aliulizwa mbele ya mashabiki kama kampuni itafungua seva za zamani. Alijibu kwamba watu wanadhani wanazitaka, lakini kwa kweli hawazitaki. Ilikuwa kauli ya mtu aliyeamini kwamba kumbukumbu hudanganya. Mashabiki walimjibu kwa vitendo. Februari 2015 kikundi cha watu wa kujitolea kilifungua seva yao isiyo rasmi iliyoitwa Nostalrius, yenye gemu kama ilivyokuwa kabla ya nyongeza ya kwanza. Blizzard ilipoifunga kwa nguvu ya kisheria Aprili 2016, waendeshaji wake walisema ilikuwa na akaunti hai 150,000. Ombi la kuitaka kampuni ibadili msimamo lilikusanya saini zaidi ya 250,000. Mwishoni mwa 2017 kampuni ilikubali, na Agosti 2019 ikafungua toleo rasmi liitwalo Classic. Mbele ya milango ya seva kukawa na foleni za saa nyingi, na kampuni mama ikatangaza kwamba robo hiyo ya mwaka ilileta ongezeko kubwa zaidi la wanaolipa ada katika historia yote ya gemu hiyo. Brack mwenyewe ndiye aliyekuwa amesimama jukwaani kulitangaza mwaka 2017, kabla hajawa rais wa kampuni.

World of Warcraft haikuwa ya kwanza. EverQuest, iliyotoka Machi 1999, ilijaribu seva za kuanza upya tangu 2006, na tangu 2015 zimekuwa desturi yake: seva mpya hufunguliwa, watu huanza mwaka 1999 wa gemu hiyo, kisha hupitia nyongeza zake moja baada ya nyingine. RuneScape, iliyoanzishwa na ndugu wa ukoo wa Gower huko Uingereza mwaka 2001, ilikuwa imebadilishwa sana wenye gemu walipowauliza wachezaji Februari 2013 kama wanataka toleo la Agosti 2007, ambalo nakala yake ilikuwa imehifadhiwa. Karibu watu 450,000 walipiga kura. Toleo hilo lilifunguliwa mwezi huohuo, na leo lina wachezaji wengi kuliko gemu kuu iliyolizaa. Haya ni makampuni matatu tofauti, katika nchi mbili na miaka tofauti, na jibu likawa lilelile. Anayesema hakuna anayetaka ana kazi ngumu ya kuyaeleza.

Wanachotaka hasa

Sasa tuje kwenye kiini. Kama hamu hii ingekuwa ya kumbukumbu tupu, toleo la 2019 lingepaswa kuwavunja moyo watu ndani ya wiki moja, kwa sababu kitu kikubwa kilichofanya gemu ya 2004 iwe ya ajabu hakikurudi na hakiwezi kurudi. Kitu hicho ni kutojua. Adui mkuu wa mwanzo, jitu la moto liitwalo Ragnaros, lilihitaji watu 40 wa kupambana nalo, na mara ya kwanza dunia nzima ilihangaika miezi mitano hivi kabla ya chama kimoja kuliangusha Aprili 2005. Katika toleo la 2019 liliangushwa kabla ya wiki kwisha, na baadhi ya walioliua hawakuwa wamefika hata levo ya juu. Kila njia ilikuwa imeandikwa, kila hesabu ilikuwa imefanywa. Maji yaliyomwagika hayazoleki. Hata hivyo watu walibaki, wakapitia awamu sita za toleo hilo, na mwaka 2021 wakaendelea na nyongeza ya kwanza. Kama siri haikuwepo, walibaki kwa ajili ya nini?

Tazama kilichofanana katika matoleo yote yaliyofanikiwa. RuneScape ilipofungua toleo la 2007, akaunti za mwaka 2007 hazikurudishwa na mali yake. Aliyekuwa tajiri wa zamani alianza na shoka la kupewa kama mtoto aliyejiunga jana. Classic ya 2019 ilianza vivyo hivyo, na ilipotimia miaka ishirini ya World of Warcraft, Novemba 2024, Blizzard ilifungua tena seva mpya za mwanzo kabisa, ingawa zile za 2019 zilikuwa bado zipo. Mtu aliyetaka nchi za zamani tu angeweza kwenda kwenye seva iliyokuwepo na kutembea anavyotaka, akikuta wahusika wa levo 60 wakimpita juu ya farasi. Wachezaji walizikimbilia zile mpya. Ramani ilikuwa moja, maadui walewale, bei ya ada ileile. Tofauti kubwa ilikuwa kwamba kwenye seva mpya hakuna aliyekuwa na kitu, na kwa hiyo kila mtu alimhitaji mwenzake. Pango la mwanzo likajaa watu, ngozi ya mbwa mwitu ikapata mnunuzi, na mganga wa levo 18 akawa mtu wa kutafutwa.

Jambo hili si geni kwa mtu yeyote anayefuata soka. Gor Mahia ilitwaa ubingwa wake wa 21 wa ligi ya Kenya msimu wa 2023/24. Msimu uliofuata ulipoanza, mataji hayo yote hayakuipa hata pointi moja; ilianza na sifuri sawa na timu iliyopanda daraja, na mwisho wa msimu bingwa akawa Kenya Police, klabu ambayo haikuwahi kuchukua ligi hiyo. Hakuna anayesema mashabiki ni watumwa wa kumbukumbu kwa kuwa wanataka ligi ianze upya kila mwaka ikiwa na kanuni zilezile na uwanja uleule. Vivyo hivyo kwa chama cha akina mama wa mtaani wanaocheza upatu. Mtu hawezi kuingia katikati ya mzunguko wakati wengine wameshapokea. Anaambiwa asubiri duara hili liishe, na linalofuata litaanza na wote. Duara jipya halidharau lile la zamani. Linafungua mlango kwa aliyechelewa, na linampa aliyekuwepo sababu ya kuendelea. Gemu ya mtandaoni ni ligi iliyosahau kuweka mwisho wa msimu. Seva mpya ni wachezaji wakiudai msimu huo.

Waliochelewa si kwa kupenda

Hapa ndipo suala hili linapofika Nairobi. Novemba 2004, World of Warcraft ilipofunguliwa, pwani ya Kenya na Tanzania haikuwa na waya hata mmoja wa intaneti wa chini ya bahari. Intaneti ya Kenya ilipita kwenye setilaiti zilizo umbali wa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Hesabu yake ni rahisi. Ujumbe unapanda na kushuka, kisha jibu linapanda na kushuka: jumla ni takriban kilomita 144,000. Hata kwa kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde, safari hiyo inakula karibu nusu sekunde kabla ya mitambo ya ardhini kuongeza ucheleweshaji wake. Katika pambano la watu 40, mganga anayemwona mwenzake robo sekunde baada ya kujeruhiwa, na ambaye dawa yake inachelewa robo nyingine, anamtibu maiti. Zaidi ya hayo, intaneti ya setilaiti ilikuwa ghali mno kwa nyumba ya kawaida, na ada ya dola kila mwezi ilihitaji kadi ya benki ambayo watu wachache walikuwa nayo.

Mwaka 2009 mambo yalibadilika. Waya wa TEAMS, uliovutwa kwa takriban kilomita 5,000 kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, uliletwa Mombasa, na Julai mwaka huo waya mwingine, SEACOM, ukaanza kazi. Waya wa EASSy ukafuata mwaka 2010. Safari ya kwenda Fujairah na kurudi kwa mwanga ndani ya nyuzi za kioo ni sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Lakini weka tarehe hizi kando ya zile za gemu. Waya ulipofika Mombasa, World of Warcraft ilikuwa na nyongeza mbili na wenyeji wa levo 80. Ile ya mwanzo, ambayo watu wa Marekani na Ulaya wanaikumbuka kwa machozi, ilikuwa imekwisha tangu Januari 2007. Na kabla kijana wa Nairobi hajatimiza mwaka mmoja na nusu ya intaneti ya maana, joka likapasua nchi zenyewe. Hatukufukuzwa na mtu. Tulifika uwanjani taa zikizimwa.

Kwa sababu hiyo hoja ya kumbukumbu inaanguka kabisa mtu anapoitazama kutoka huku. Mkenya aliyeanza Classic mwaka 2019 hakuwa na la kukumbuka. Huwezi kuililia nyumba usiyowahi kuingia. Kwake seva mpya ilikuwa mara ya kwanza, na ilikuwa mara ya kwanza kwa masharti yaleyale aliyokuwa nayo mtu wa London au Chicago: levo moja, mfuko mtupu. Vizingiti vingine navyo vimepungua. Tangu Juni 2022 M-Pesa ina kadi ya Visa ya mtandaoni inayomwezesha mtu kulipia huduma za nje bila akaunti ya benki. Toleo la zamani la RuneScape limekuwa likichezwa kwenye simu tangu Oktoba 2018, na sehemu yake ni ya bure. Bado umbali upo. World of Warcraft haina seva barani Afrika. Mfanyakazi wa ofisi za Upper Hill anayejiunga na chama cha Ulaya kinachokutana saa mbili usiku ya kwao atakuwa mezani saa tatu au saa nne usiku ya Nairobi. Na waya hukatika: Mei 2024 hitilafu kwenye EASSy na SEACOM ilizorotesha intaneti ya Kenya na Tanzania kwa siku kadhaa. Lakini umbali ni tatizo ambalo mtu hupambana nalo akiwa ndani ya mchezo. Kuchelewa miaka mitano hakuna dawa nyingine isipokuwa msimu mpya.

Pingamizi zenye uzito

Pingamizi la kwanza ni kwamba shauku ya seva mpya haidumu. Watu hujaa mwezi wa kwanza, kisha hupungua, na nyuma hubaki miji mitupu na waaminifu wachache. Hili ni kweli, na lina mifano. Novemba 2021, miaka miwili tu baada ya Classic, Blizzard ilifungua msimu ulioitwa Season of Mastery: gemu ileile, ikiendeshwa kwa kasi zaidi. Haukuvuma, na seva zake zikakauka. Mwaka 2022 wenye RuneScape walijaribu ulimwengu wa kuanza upya wa muda maalumu, lakini wengi wakabaki walikokuwa. Mifano hii inatufundisha kwamba kufuta mali za watu peke yake si dawa. Msimu wa soka una maana kwa sababu timu zimepumzika, wachezaji wapya wamesajiliwa na hamu imerudi. Ligi inayoanza upya kila mwezi ingekimbiwa. Classic ya 2019 ilikuja baada ya njaa ya miaka kumi na miwili, seva za 2024 baada ya mitano. Season of Mastery ilipakua chakula watu wakiwa bado wanatafuna. Kwa hiyo pingamizi hili halithibitishi kwamba wachezaji hawataki. Linathibitisha kwamba wanajua tofauti kati ya msimu na usumbufu.

Pingamizi la pili ni la mgawanyiko: kila seva mpya huwachukua watu kutoka ya zamani, na wenyeji waliojenga vyama vyao kwa miaka huamka wakiwa peke yao. Anayelisema hili ana uchungu wa haki, na kampuni hazijamjali vya kutosha. Lakini tuulize seva isiyopata wageni huishia wapi. Watu huoa, hubadilisha kazi, huchoka. Kila mwaka huondoka wachache, na mlango wa kuingilia umezibwa na mlima wa levo na mali. Jamii hiyo inakufa polepole hata bila mshindani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nao hawakuwa na adabu ya ukarimu tu akilini. Walijua kwamba mgeni huleta mkono wa kazi, habari na chungu kikubwa zaidi jikoni. Dawa ya mgawanyiko ni ahadi iliyo wazi kuhusu mwisho: msimu unapokwisha, wahusika wahamie seva ya kudumu, ili mto mpya umwagikie ziwa la zamani badala ya kulikausha.

Pingamizi la tatu linatoka kwa wanaoshuku pesa. Wanasema kampuni imegundua njia ya kuuza kitumbua kilekile mara mbili bila kukanda unga mpya. Katika World of Warcraft ada moja ya mwezi, dola 14.99 huko Marekani, hufungua gemu ya kisasa na matoleo ya Classic pamoja, kwa hiyo anayelipa hanunui upya. Ila hofu hii ina mizizi mahali pengine. Ukifungua uwanja ambapo kila mtu ni sawa, kisha ukawaacha wafanyabiashara wa dhahabu na programu za roboti wafanye wanavyotaka, usawa hufa ndani ya wiki chache: mwenye pesa halisi hununua dhahabu ya gemu, na dhahabu hununua silaha ambazo wengine wanazitolea jasho. Wachezaji walilalamika sana kuhusu mapambano ambayo nyara zake zilipigwa mnada kwa dhahabu, na Blizzard ikayapiga marufuku katika msimu wa Season of Discovery mwaka 2024, kisha tena katika seva za miaka ishirini. Ukubwa wa malalamiko hayo ni ushahidi mwingine wa hoja yetu. Mtu anayetaka kumbukumbu hangejali jirani yake amepataje upanga. Anayetaka mbio za haki hujali sana.

Pingamizi la nne ni la kwetu. Wakenya wengi, inasemwa, hucheza soka na gemu za bunduki kwenye simu. Haya ya majoka na waganga ni ya watu wachache wenye kompyuta. Idadi ni ndogo kweli. Lakini kijana anayecheza PUBG Mobile anaijua kanuni hii vizuri kuliko wazee wa EverQuest, maana daraja lake hushushwa kila msimu unapoanza na hupanda tena pamoja na wengine, wala haoni ajabu. Gemu za simu zilizaliwa na msimu ndani yake. Gemu za zamani za kompyuta ndizo zinazojifunza kwa kuchelewa kile ambacho mtoto wa Eastlands anakichukulia kuwa kawaida.

Kinachofanya msimu uwe na maana

Ukiweka pamoja mafanikio na kushindwa, unaona mambo yanayotenganisha msimu wa kweli na ubandiaji wa tarehe mpya. La kwanza ni muda wa kutosha kati ya duara na duara. La pili ni ulinzi wa usawa tangu siku ya kwanza, wala si baada ya dhahabu haramu kujaa. La tatu ni sababu ya kucheza kwa namna nyingine. Agosti 2023 Blizzard ilifungua seva rasmi ambazo mhusika akifa hafufuki, mtindo ambao wachezaji wenyewe walikuwa wameubuni na kuusimamia kwa kuaminiana. Ramani ya 2004 iliyokuwa imekaririwa ikarudi kuwa ya kutisha: pango ambalo kila mtu alilipita kwa dharau sasa lilihitaji mashauri na rafiki wa kukulinda mgongo, na kwa mchezaji wa Nairobi waya uliokatika baharini ungeweza kuwa kaburi la miezi mitatu ya kazi. Novemba 2023 Season of Discovery ikawapa watu ramani ileile ikiwa na uwezo uliofichwa wa kutafutwa, na kwa majuma machache hali ya kutojua, ile tuliyosema haiwezi kurudi, ikaonekana tena kwa sura nyingine.

La nne, na kubwa kuliko yote, ni kuwauliza wachezaji na kukubali jibu. Toleo la zamani la RuneScape halikusimama kwa sababu ya mwaka 2007 peke yake. Lilisimama kwa sababu kila badiliko kubwa lilipelekwa kwenye kura, na kwa miaka mingi halikupita bila asilimia 75 ya wapiga kura. Gemu iliyorudishwa kama kumbukumbu ikawa gemu inayokua, ikapata nchi mpya na maadui wapya ambao mwaka 2007 hawakuwepo, na wenyeji hawakulalamika kwamba nyumba yao imebomolewa, kwa kuwa waliushika mkataba wa ujenzi mkononi. Linganisha na Desemba 2010, nchi zilipopasuliwa bila kuulizwa mtu. Hasira iliyodai seva za zamani kwa miaka mingi ilipata nguvu siku hiyo.

Kwa hiyo swali la kama wachezaji wanataka gemu ya zamani ifunguliwe upya limekwisha kujibiwa, na makampuni yasiendelee kuliuliza kana kwamba ni fumbo. Wanataka, mradi kuanza upya kuwe kuanza kweli: pamoja, kwa haki, kwa muda unaojulikana na kwa ridhaa yao. Na kwa vijana wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam wanaotengeneza gemu zao leo, lipo funzo moja wanaloweza kulishika bila mtaji wowote. RuneScape iliokolewa na nakala moja ya Agosti 2007 ambayo mtu fulani hakuifuta. Upper Hill haikuweka nakala, na hakuna kura itakayoirudisha. Basi kila mnapomaliza toleo la kazi yenu, hata kama lina kasoro na wachezaji wake ni mia moja tu, lihifadhini mahali salama kabla ya kujenga linalofuata. Atakuja aliyechelewa kuuliza kama anaweza kuanza tangu mwanzo, na ni haki yake kukuta mlango upo.